Kelele za Chura na Uzi wa Kioo: Wito kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii tulifundishwa tungali katika shule za msingi, na aghalabu huitumia kumtia moyo mtu mwenye azma ili asibabaishwe na maneno ya walimwengu. Ng'ombe ana kiu, maji yapo, na chura hana nguvu ya kumzuia; basi kelele zake zipuuzwe. Hata hivyo, tukimbadilisha mhusika mkuu wa methali hii, mambo huwa mengine. Chukulia kuwa mlinzi ameketi gizani, mbali na bwawa, na kazi aliyopewa ni kutega sikio ili ajue ni ng'ombe wangapi wamefika kunywa maji na ni saa ngapi walifika. Mlinzi huyu hana ruhusa ya kuzipuuza kelele za chura. Sharti azijue vyema: zatoka upande gani, huanza na kukoma wakati gani, ni nyembamba au ni nzito. Bila elimu hiyo hataweza kuutambua mlio wa kwato majini, na pengine ataripoti ng'ombe asiyekuwapo.

Mlinzi huyo ni mfano mwafaka wa chombo ambacho wahandisi wa zama zetu wanakitumia kusikiliza ardhi na bahari, yaani kihisi cha mbali cha nyuzi za kioo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili jinsi kelele zinavyopunguzwa katika vihisi hivyo. Baada ya maelezo hayo nitajenga hoja mbili. Ya kwanza ni kuwa istilahi ya kisayansi haiwezi kutungwa vizuri na mtu ambaye hajakielewa kitu anachokipa jina. Ya pili ni kuwa kazi ya kukielewa kitu hicho inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili, wa isimu na wa fasihi, sawasawa na inavyowahusu wanafizikia.

Uzi unaohisi

Uzi wa kioo, ambao wengi wetu nchini Kenya huuita faiba na ambao wenzetu wa Tanzania huuzungumzia kwa neno mkongo, ni kioo safi chenye wembamba unaokaribiana na wa unywele. Mwaka wa 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya utafiti nchini Uingereza, walionyesha kwamba mwanga ulikuwa ukipotea ndani ya kioo kwa sababu ya uchafu uliomo, wala si kwa sababu ya asili ya kioo chenyewe. Mwaka wa 1970 watafiti wa kampuni ya Corning huko Marekani walifaulu kutengeneza uzi uliopoteza chini ya desibeli 20 kwa kila kilomita. Siku hizi upotevu huo umeshuka hadi takriban desibeli 0.2 kwa kilomita, pale mwanga unapokuwa na urefu wa wimbi wa nanomita 1550. Maana yake ni kuwa baada ya safari ya kilomita 50, sehemu moja ya kumi ya mwanga uliotumwa bado ingalipo. Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka wa 2009, na mwaka uo huo mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifikishwa Mombasa kupitia Bahari Hindi.

Wengi wetu tunaujua uzi huu kama njia ya intaneti. Wachache wanajua kuwa uzi uo huo huweza kugeuzwa kuwa sikio. Pigo fupi la mwanga wa leza hutumwa ndani ya uzi. Kioo, hata kiwe safi namna gani, kina tofauti ndogo mno za msongamano zilizoganda ndani yake wakati kilipokuwa kikipoa. Kila tofauti hutawanya mwanga, na chembe ya mwanga huo hurudi nyuma kule ulikotoka. Wanafizikia huuita mtawanyiko wa Rayleigh, kwa heshima ya mwanafizikia Mwingereza aliyeueleza. Mimi napendelea kuuita mwanga huo unaorudi mwangwi, kwa kuwa ndivyo ulivyo hasa. Ndani ya kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo mwangwi unaotoka umbali wa kilomita moja hurudi baada ya mikrosekunde 10, ule wa kilomita mbili baada ya mikrosekunde 20, na kadhalika. Kwa kuhesabu muda, chombo hujua kila mwangwi umetoka wapi. Ardhi inapotikisika, uzi huvutika kidogo mno na awamu ya wimbi la mwangwi hubadilika. Hivyo uzi mmoja wenye urefu wa makumi ya kilomita huwa kana kwamba ni maelfu ya vihisi vilivyopangwa foleni, ilhali chombo chenye umeme kimebaki ufukweni au ofisini. Hii ndiyo maana ya neno "mbali" katika istilahi yetu.

Hizi si ndoto za kitabuni. Mwaka wa 2015 watafiti walitumia uzi wa mawasiliano wenye urefu wa kilomita 15 uliokwisha kufukiwa katika rasi ya Reykjanes, Iceland, wakarekodi mitetemeko ya ardhi na hata kuzitambua nyufa za miamba. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2018. Mwaka uo huo wa 2018 kundi lililoongozwa na Giuseppe Marra wa Uingereza lilionyesha kuwa mitetemeko ya ardhi huweza kutambuliwa kwa mikongo ya kawaida ya mawasiliano, ukiwemo mkongo wa baharini kati ya Malta na Sicily. Mwaka wa 2021 watafiti wengine walitangaza kuwa walikuwa wameitambua mitetemeko ya ardhi kwa kutumia mkongo wa Curie, unaotoka Los Angeles hadi Valparaíso nchini Chile, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 10,000.

Kelele zatoka wapi, na hupunguzwaje?

Kikwazo kikuu katika kazi hii yote ni kelele. Msomaji asidanganyike akadhani kuwa tunazungumzia sauti. Kelele hapa ni badiliko lolote katika kipimo ambalo halikusababishwa na kile tunachotaka kukipima. Jambo la kutia maanani ni kuwa kelele si kitu kimoja. Zina asili mbalimbali, na kila asili ina tiba yake. Anayetumia tiba moja kwa kelele zote ni kama mganga ambaye kila mgonjwa humpa mzizi ule ule.

Asili ya kwanza ni udhaifu wa mwangwi wenyewe. Mita moja ya uzi hurudisha chini ya sehemu moja ya milioni ya mwanga uliopita ndani yake. Mwangwi ukitoka umbali wa kilomita 50, safari ya kwenda na kurudi huuacha na sehemu moja ya mia tu ya hicho kidogo. Kinachofika kwenye kipokezi ni fotoni chache ambazo huja bila mpangilio, mithili ya manyunyu juu ya bati: ukihesabu matone ya sekunde hii na ya sekunde ijayo hutapata idadi ile ile, ingawa mvua ni ile ile. Hizi ni kelele za maumbile ya mwanga. Fundi hawezi kuzifuta hata awe hodari vipi.

Mtu atauliza, je, si tuuongeze nguvu mwanga tunaoutuma? Tunaweza, lakini kwa kiasi. Mwanga ukizidi nguvu, kioo huacha kuwa njia tulivu. Huanza kuubadilisha mwanga wenyewe, kuurudisha nyuma na kuutawanya katika rangi nyingine, na hapo tunakuwa tumezalisha kelele mpya. Njia ya pili ni subira. Kipimo kikirudiwa mara 100 na kutafutiwa wastani, kelele zisizo na mpangilio hupungua mara 10, kwa kuwa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Ila subira nayo ina gharama. Katika uzi wa kilomita 50, mwangwi wa mwisho hurudi baada ya nusu ya milisekunde, na pigo jipya halipaswi kutumwa kabla ya hapo, ama miangwi itachanganyika. Basi hatuwezi kutuma zaidi ya mapigo 2,000 kwa sekunde. Tukitafuta wastani wa kila mapigo 100, twabaki na vipimo 20 kwa sekunde, na mtikisiko wa haraka zaidi hautafuatika. Anayetaka kusikia vizuri hulazimika kusikia polepole.

Kuna njia ya tatu inayopaswa kumvutia kila mwanafunzi wa ushairi. Badala ya kutuma pigo moja, chombo hutuma msururu wa mapigo uliopangwa kwa ruwaza maalumu, kama zile zilizobuniwa na Marcel Golay. Kipokezi kinaijua ruwaza hiyo. Kelele haziijui. Kwa hiyo kipokezi kinapopekua kilichorudi kikiitafuta ruwaza yake, nguvu ya mapigo yote hukusanyika mahali pamoja nazo kelele hubaki zimetapakaa. Je, hili si jambo tunalolijua? Utenzi wa kawaida una mizani 8 katika kila kipande, na vina vyake vina mahali pake maalumu. Mnakili akiruka neno, mizani hupungua na msikilizaji hutambua. Mghani akisahau kina, sikio la hadhira hulalamika. Tungo ndefu zimevuka vizazi vya waghani na wanakili huku umbo likizilinda dhidi ya kelele za safari hiyo. Arudhi ni pambo, lakini pia ni kinga ya ujumbe. Mhandisi na malenga wamefika kisima kimoja kwa njia mbili.

Asili nyingine ya kelele ni vikuzaji. Mnamo mwaka wa 1987 kilibuniwa kikuzaji cha uzi uliotiwa elementi ya erbiamu, ambacho huukuza mwanga bila kuugeuza kuwa umeme. Katika vihisi vya mbali, uzi huo wa erbiamu huweza kuwekwa baharini bila waya wowote wa umeme; nishati yake hutumwa kutoka pwani kwa njia ya mwanga wa nanomita 1480. Tatizo ni kuwa kikuzaji hutoa pia mwanga wake kisioombwa. Ni kama mpiga mbiu mwenye kikohozi: habari ataifikisha mbali, na kikohozi chake pia. Kikiwekwa mbali mno na chanzo, kitapokea mwanga uliokwisha kudhoofika na kuukuza pamoja na kikohozi chake. Kikiwekwa karibu mno, nguvu itapita kiasi na kioo kitaanza vituko nilivyokwisha kuvieleza. Ndiyo maana wengine hutumia ukuzaji wa Raman, ambao huugawanya ukuzaji katika kilomita nyingi za uzi badala ya kuulundika mahali pamoja.

Asili ya tatu ni leza yenyewe. Kihisi hulinganisha wimbi la sasa na wimbi la awali kidogo. Ikiwa leza yenyewe inayumbayumba, itaonekana kana kwamba uzi wote umetikiswa kwa wakati mmoja. Tiba ni kutumia leza tulivu sana, kusawazisha urefu wa njia mbili za mwanga unaolinganishwa, na kuweka kipande cha uzi ndani ya sanduku lililokingwa dhidi ya mitikisiko. Kinachosikika sandukuni hakiwezi kuwa kimetoka ardhini. Basi hutolewa kutoka katika kipimo cha uzi mzima.

Asili ya nne ni ya ajabu zaidi. Mwangwi wa kila kipande cha uzi ni jumla ya miangwi midogo mingi. Mara nyingine miangwi hiyo hupingana na kufutana, na kipande hicho hukaribia kuwa kimya kabisa. Hapo hata kelele kidogo huonekana kubwa mno, kwa sababu hakuna kitu cha kulinganishwa nazo. Kihisi kinakuwa kimekufa ganzi mahali hapo. Tiba ni kutuma mwanga wa rangi kadhaa zinazotofautiana kidogo, kwa kuwa ni nadra mahali pamoja pafe ganzi kwa rangi zote kwa wakati mmoja.

Mwisho kuna kelele za mazingira: upepo, mawimbi ya bahari, magari, mabadiliko ya joto. Hizi huchujwa kwa kuangalia kasi ya mtikisiko na jinsi unavyosafiri kutoka kipande kimoja cha uzi hadi kingine. Lori huenda polepole, wimbi la tetemeko huenda mbio. Wakati mwingine dawa ni kuchagua mahali. Mkongo wa Curie ulifaa kwa sababu sehemu kubwa yake imelala kwenye vina vya bahari, ambako joto halibadilikibadiliki na hakuna shughuli za binadamu.

Jina na kitu

Baada ya maelezo haya, na tulirejelee swali la istilahi. Neno la Kiingereza lenye dhana hii limewahi kupendekezewa tafsiri kadhaa katika mazungumzo yetu ya kitaaluma: kelele, hitilafu, mvurugo, uchafu wa ishara. Wapo wanaolikataa neno "kelele" kwa hoja kuwa linahusu sauti tu. Kwa maoni yangu, neno hilo ndilo bora, na sababu zake hutokana na kitu chenyewe.

"Hitilafu" haifai. Hitilafu ni kasoro. Chombo kilichoharibika kina hitilafu, na fundi akija ataiondoa. Kelele za fotoni zimo hata katika chombo kizima kisicho na dosari yoyote. Anayeziita hitilafu anamfundisha mwanafunzi jambo la uongo. "Mvurugo" nalo ni neno zuri, lakini tulihifadhi kwa dhana nyingine, yaani pale ishara yenyewe inapopindwa umbo, kama mwanga uliozidi nguvu unavyopindwa na kioo. Kelele huongezwa juu ya ishara. Mvurugo huibadilisha ishara. Tukizipa dhana hizi mbili jina moja, tutakuwa tumeifuta tofauti ambayo mhandisi anaitegemea. "Uchafu" nao tuuachie kioo, maana ndio aliopambana nao Kao. Linabaki "kelele", na Kiswahili chenyewe kimekwisha kulipanua: tunaposema kelele za chura tukimaanisha maneno ya watu, hatuzungumzii sauti pekee bali chochote kinachomsumbua mtu katika shabaha yake. Sitiari imo ndani ya lugha tayari. Sayansi inaikuta pale.

Vivyo hivyo, lile tatizo la miangwi kufutana napendekeza liitwe "ganzi", wala lisiingizwe katika orodha ya kelele. Kihisi ni neno lililotokana na kitenzi kuhisi. Kilicho na uwezo wa kuhisi huweza kufa ganzi, na kila mzungumzaji ataelewa bila kufafanuliwa kuwa shida hapo ni kukosekana kwa hisia, wala si wingi wa usumbufu. Aidha, tujihadhari na kitenzi "kuondoa". Vitabu hupenda kusema kelele zinaondolewa. Haziondolewi; zinapunguzwa, na kila upunguzaji una bei yake katika kasi, nguvu au umbali. Tofauti ya vitenzi viwili inabeba sheria nzima ya maumbile.

Historia yetu ya istilahi ina funzo. Tumetumia miaka mingi tukibishana iwapo chombo fulani kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na wengi wa wabishi hawakuwahi kuuliza chombo hicho hufanyaje kazi. Sisemi kuwa kazi ya wakubwa wetu haikuwa na maana. TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, ilifungua njia ambayo hatujaifuata inavyostahili. Lakini kamusi hutoa neno. Haitoi maelezo ya kurasa tano yanayolifanya neno hilo liishi. Neno huishi katika matini, na matini za sayansi kwa Kiswahili hatuziandiki.

Hili latuhusu nini?

Kuna pingamizi tatu ambazo hazina budi kujibiwa. Ya kwanza ni kuwa wahandisi wetu hufunzwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hawahitaji haya. Ni kweli kuwa hawayahitaji wanapozungumza wao kwa wao. Lakini vihisi hivi havitengenezwi kwa ajili ya wahandisi. Tusisahau kuwa tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoanzia karibu na Sumatra, ilivuka Bahari Hindi ikafika pwani ya Kenya na Tanzania na kuua watu. Tuseme siku moja mikongo inayotua Mombasa ikatumiwa kusikiliza bahari. Mvuvi wa Malindi ataambiwa nini? Mfumo wowote wa tahadhari una namna mbili za kukosea: kuidhania kelele kuwa ishara, na watu wakahamishwa bure, au kuidhania ishara kuwa kelele, na watu wakaachwa wafe. Ukipunguza kosa moja kwa kubadilisha kizingiti cha king'ora, unaliongeza jingine, isipokuwa kelele zenyewe zipungue. Mvuvi aliyehamishwa bure mara mbili bila kuelezwa hilo hatahama mara ya tatu. Kumweleza kwa Kiswahili kinachoeleweka ni suala la uhai. Si mapambo ya lugha.

Pingamizi ya pili hutolewa na baadhi yetu tunaosoma fasihi: kwamba mambo ya leza na mikongo si uwanja wetu. Nawajibu kwamba swali kuu la vihisi ni swali letu la kila siku. Gari linalopita barabarani ni kelele kwa mtafiti wa mitetemeko, lakini kwa anayehesabu magari ili kupanga barabara, gari ndilo ishara na tetemeko ndilo kelele. Data ni ile ile. Msomaji ndiye tofauti. Sisi tunaojadili jinsi msomaji anavyoshiriki kuijenga maana ya matini tuna la kusema hapa. Vilevile, kichujio kikali mno huweza kuifuta ishara pamoja na kelele, na kumwachia mtafiti kile tu alichokwisha kukitarajia. Ni mhakiki gani asiyelijua kosa hilo? Tumewaona wanaoingia katika riwaya na nadharia moja mkononi, wakachuja kila kisichoafikiana nayo, kisha wakatangaza kuwa riwaya imeithibitisha nadharia yao.

Pingamizi ya tatu ina uzito zaidi: kuwa sisi tutapotosha sayansi kwa kuandika tusiyoyasomea. Hatari hiyo ipo. Dawa yake ni kushirikiana, si kunyamaza. Mwanafunzi wa fizikia aketi na mwanafunzi wa Kiswahili. Mmoja ahakikishe kuwa jambo ni sahihi, mwingine ahakikishe kuwa limesemwa kwa Kiswahili na si kwa Kiingereza kilichovikwa kanzu. Katika ushirikiano huo mwanafizikia naye hufaidi, kwani mara nyingi mtu hugundua kuwa hakulielewa jambo pale anaposhindwa kulieleza kwa lugha ya mama mboga.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mwaka wa 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Haya ni mafanikio, nasi tuna haki ya kuyaimbia na kuyatungia mashairi. Lakini lugha haikui kwa kusifiwa. Inakua kwa kutumwa kazi ngumu na kurudi nayo imekamilika.

Napendekeza mambo matatu ambayo chama chetu kinayaweza bila kusubiri fedha za mtu. Mosi, kila toleo la jarida hili litenge nafasi ya makala moja ya sayansi iliyoandikwa kwa pamoja na mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa sayansi. Pili, kila istilahi inayopendekezwa iambatane na maelezo ya jinsi kitu kinavyofanya kazi, na mapendekezo yasiyo na maelezo yakataliwe na wahariri. Tatu, wahadhiri wetu waruhusu tasnifu za tafsiri na uandishi wa matini za kisayansi zipewe hadhi sawa na zile za uhakiki wa riwaya na tamthilia.

Nyuzi za kioo zimekwisha kufika pwani yetu, na kila mwaka zinazidi kufukiwa chini ya barabara zetu. Zinaposikiliza, ni vyema pawe na watu wanaoweza kueleza kwa Kiswahili zinasikia nini, na zinashindwa kusikia nini. Nani atakuwa mtu huyo kama si sisi?